Sigara Moja Chini ya Veranda

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hukutana nalo njiani, tukakunja uso, tukaendelea na safari. Ni mtu anayevuta sigara hadharani. Simsemi anayevuta ndani ya hoteli wala ndani ya matatu. Namsema aliye nje: stejini, sokoni, kwenye lango la hospitali, mbele ya duka. Je, serikali ya kaunti, iwe ya Kericho au ya Bomet, inaweza kulikataza jambo hilo, na katazo lenyewe likashika?

Jibu langu ni kwamba inaweza, ila si kwa njia tuliyoizoea ya kutuma askari wakimbizane na vijana mjini. Nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza kuna hoja inayosikika kila mara jambo hili likitajwa: eti moshi wa nje hauna neno, upepo unaupeleka.

Anayesema hivyo hajasimama mjini Kericho saa tisa alasiri. Huku kwetu mvua hunyesha alasiri nyingi za mwaka, na ndiyo maana chai inastawi. Mvua ikianza, mji mzima hukimbilia chini ya veranda. Mtoto wa shule na begi lake, mama na mtoto mgongoni, mzee aliyetoka kliniki, kondakta, kijana wa bodaboda, wote wanabanana chini ya bati moja wakisubiri ipungue. Kisha mmoja wao anawasha sigara. Hapo huwezi kusogea, kwa sababu hatua moja mbele umelowa. Mahali hapo panaitwa nje, lakini moshi hauna pa kwenda ila vifuani mwa watu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walilipima jambo hili, wakatoa matokeo yao mwaka 2007. Walikuta kwamba mtu aliyekaa karibu na mvutaji nje, umbali wa nusu mita hivi, anaweza kuvuta chembe za moshi zinazokaribia zile za chumbani wakati sigara inawaka. Ukisogea mita mbili hivi, zinapungua sana. Na sigara ikizimwa, hewa inarudi kuwa safi mara moja, tofauti na chumbani ambako moshi hubaki. Kwa hiyo wanaosema nje ni tofauti na ndani hawajakosea kabisa. Tofauti ipo, na inategemea nafasi. Mtu anayevutia katikati ya uwanja mtupu hanidhuru. Chini ya veranda, kwenye foleni ya matatu, mlangoni mwa wodi ya watoto, nafasi hiyo haipo. Shika hilo, msikilizaji, kwa sababu ndilo litakalotuonyesha katazo lianzie wapi.

Madhara yenyewe hayana mjadala. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kati yao karibu milioni 1.6 ni watu wasiovuta, waliovutishwa moshi wa wenzao. Hapa Bomet tuna hospitali ya Tenwek, ambayo kwa miaka mingi imepokea wagonjwa wengi wa saratani ya umio kuliko wa saratani nyingine yoyote, wengine vijana. Nimesikia watu wakiitupia sigara lawama yote ya ugonjwa huo. Tumbaku ni moja ya visababishi vyake vinavyojulikana duniani, hilo ni kweli. Lakini katika eneo letu wapo wagonjwa wengi ambao hawajawahi kugusa sigara, na madaktari bado wanachunguza mambo mengine, kuanzia vinywaji vya moto sana hadi vyakula na urithi wa damu. Nalisema hili kwa sababu anayetetea jambo zuri kwa hoja iliyotiwa chumvi huliharibu. Dhambi za sigara zinazojulikana zinatosha: moyo, mapafu, pumu ya mtoto, mimba.

Na sheria je? Sheria tunayo, tena ya siku nyingi. Mei 2006 waziri wa afya wa wakati huo, Charity Ngilu, alitangaza kanuni za kukataza uvutaji hadharani. Kampuni za sigara zikakimbilia mahakamani na kanuni hizo zikasimamishwa. Mwaka huohuo majirani zetu wa Nakuru hawakungoja. Baraza lao la manispaa lilitumia sheria ndogo za mji likapiga marufuku sigara hadharani, kabla ya taifa. Nairobi ikafuata mwaka 2007. Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008. Baadaye zikaja Kanuni za mwaka 2014, ambazo zilitoka ndani ya majengo zikagusa barabara, njia za miguu na veranda zilizopakana na mahali pa umma. Veranda, msikilizaji. Ileile ya Kericho.

Kampuni ya sigara ya BAT ilizipinga kanuni hizo. Ilishindwa Mahakama Kuu mwaka 2016, ikashindwa Mahakama ya Rufaa mwaka 2017, ikashindwa tena Mahakama ya Upeo Novemba 2019. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba jambo hili bado liko kwa mawakili. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti huduma za afya pamoja na udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kero za umma. Bunge la Kaunti ya Kericho likitaka, linaweza. La Bomet likitaka, linaweza.

Basi kama sheria ipo, mamlaka yapo na mahakama imenena, mbona moshi bado uko palepale?

Tazama adhabu. Ukishikwa ukivuta mahali palipokatazwa, sheria ya kitaifa inataja faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Hakimu anaweza kukutoza kidogo zaidi, maana sheria imesema isiyozidi. Lakini kijana wa bodaboda aliyeshikwa stejini hasikii neno isiyozidi. Anasikia elfu hamsini. Kwa mkulima mwenye robo ekari ya chai, hiyo inaweza kuzidi bonasi yake ya mwaka mzima, na sisi wa magharibi mwa Bonde la Ufa tunajua jinsi bonasi yetu inavyolinganishwa na ya wenzetu wa mashariki. Kijana anaambiwa apande gari la kaunti aende kortini. Siku nzima imepotea, pikipiki ni ya mtu na anadai hesabu ya jioni. Hapo ndipo mazungumzo ya pembeni huanza. Mia mbili inatoka, mia tano inatoka, risiti haitoki. Askari anaenda, kijana anawasha nyingine kwa hasira.

Huo si utekelezaji wa sheria. Ni ushuru wa mtu binafsi, na unalipwa na maskini peke yao. Hujasikia mwenye gari kubwa aliyefungua dirisha akapuliza moshi akishushwa barabarani. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno huu wa sigara, popote ulipoachiwa askari wa mji peke yao, umekata upande mmoja tu. Ndiyo maana mtu akiniambia dawa ni kuongeza faini, namjibu kwamba faini ikiongezwa, kinachopanda kwanza ni bei ya kuachiliwa.

Na nani hasa atashika? Afisa wa afya ya umma wa wadi ana kazi ya kukagua vichinjio, vyoo vya shule, hoteli, maji na nyama. Haiwezekani asimame kwenye kila steji akiwinda moshi ambao sigara yake humalizika kwa dakika tano. Polisi naye ana yake. Sigara ya nje ni kosa la dakika chache, na likishaisha hakuna ushahidi ila kipisi, na vipisi vimejaa kila mahali.

Sasa nikupeleke mahali ambapo katazo hili limeshika hapa hapa kwetu bila kelele. Nenda kwenye kiwanda chochote cha chai. Kiwe cha KTDA, yaani cha wakulima wadogo, kama Litein, Kapkatet, Momul, Tegat, Mogogosiek au Kapkoros, au kiwe cha mashamba makubwa. Ukishavuka lango, hakuna anayewasha sigara kwenye sakafu ya kukaushia majani. Je, wafanyakazi wa kiwandani ni watu tofauti na wale wa sokoni? Ni walewale. Mchana mtu anavuta stejini, usiku akiingia zamu ya kiwandani haitoi mfukoni. Kwa nini?

Kwanza, kuna mwenye mahali. Msimamizi wa zamu anajua kwamba akikutwa mtu anavuta, ataulizwa yeye. Pili, kila mmoja anajua sababu, na sababu hiyo inamgusa mfukoni. Chai kavu hunyonya harufu yoyote iliyo karibu nayo, na moto ukishika pale penye vumbi la chai na kuni, hakuna atakayebaki na kazi. Wanunuzi nao ni wakali: Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikotini inayoruhusiwa katika majani ya chai, na chai hupimwa. Tatu, adhabu inajulikana na inafika siku hiyohiyo. Haihitaji hakimu wala gari la kaunti. Nne, na hili tusilisahau, mvutaji ana pa kwenda: atatoka nje ya lango wakati wa mapumziko.

Mambo hayo ndiyo yanayokosekana barabarani. Barabara haina msimamizi wa zamu. Kwa hiyo kaunti ikitaka katazo lishike, isianze na mji mzima. Ianze na mahali penye mwenyewe. Steji ina sacco, na sacco ina mwenyekiti na msimamizi wa foleni anayejua kila dereva kwa jina. Soko lina kamati. Hospitali ya rufaa ya kaunti pale Kericho, au ile ya Longisa kule Bomet, ina walinzi langoni saa zote. Ukimwambia mwenyekiti wa sacco kwamba kibali cha steji yake kinategemea pia hewa ya abiria wanaosubiri, utashangaa jinsi moshi utakavyoondoka bila askari hata mmoja. Makanga humtii msimamizi wa foleni kuliko anavyomtii polisi, kwa sababu msimamizi ndiye anayeamua gari lipi lipakie.

Kuna mahali pengine ambapo napenda tupatazame zaidi, kwa sababu ni petu kabisa: kituo cha kununulia majani. Wakulima na wachumaji wanafika na magunia yao mchana, wanapima, halafu wanangoja lori la kiwanda. Barabara ikiwa mbovu au lori likiharibika, wanangoja hadi giza. Ni saa za uchovu, za stori na za baridi, na sigara hutembea sana saa hizo. Kituo chenyewe ni kibanda cha bati chenye pande wazi, watoto waliotoka shule wamekuja kuwasaidia mama zao, na majani mabichi yametandazwa palepale. Kila kituo kina kamati iliyochaguliwa na wakulima wenyewe. Hiyo kamati ikiamua leo kwamba chini ya bati hili hakuvutwi, anayetaka atoke aende kando ya barabara hatua ishirini, ni nani atakayebisha? Karani wa kupima majani hahitaji kuwa askari. Atasema tu, kamati ilikubaliana. Na mkulima ataelewa, kwa sababu ni majani yake.

Najua kuna atakayeniuliza, mbona mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya mamilioni, na ikatoweka? Mbona wewe unasema faini kubwa haifai? Swali zuri. Lakini kumbuka kilichoutoa mfuko mkononi mwa mama mboga. Si askari aliyemkimbiza. Supamaketi ziliacha kuutoa, viwanda vikaacha kuutengeneza, na aliyekuwa na la kupoteza alikuwa mwenye kiwanda na mwenye duka. Marufuku ilishikwa pale bidhaa inapotokea, haikungojwa ifike mkononi mwa mtu wa mwisho.

Sasa hebu tufuate sigara ya barabarani hadi inapotokea. Inatoka kwenye kibanda. Inauzwa moja moja. Juu ya meza kuna pakiti iliyofunguliwa, na kando yake kiberiti kimefungwa kwa kamba ili kisiibwe. Kijana ananunua fegi moja, anawashia hapohapo, anavutia hapohapo, kwa sababu aliyenunua moja hana ya kuweka. Hilo ndilo chimbuko la sehemu kubwa ya moshi wa veranda. Na sheria ya 2007 ilikataza kuuza sigara moja moja. Pakiti isipungue sigara kumi. Kifungu hicho kimevunjwa mchana peupe katika kila kituo cha biashara kuanzia Chepseon hadi Mulot, na hakuna anayekitaja. Tunamfuata anayevuta huku aliyemuuzia tunampita tukimsalimia.

Hapo kaunti ina mkono mrefu kuliko inavyodhani. Kila mwaka mwenye duka na mwenye kibanda hulipia kibali cha biashara. Sharti liandikwe kwenye kibali: hakuna sigara moja moja, hakuna kiberiti cha kamba. Mara ya kwanza aonywe kwa maandishi. Mara ya pili kibali kiangaliwe. Hilo linakaguliwa mara moja kwa mwezi na afisa yuleyule anayekuja kukagua usafi, na ushahidi uko juu ya meza. Hautoweki kwa dakika tano. Sisemi mama wa kibanda ni adui. Anauza sigara kwa sababu inamletea wateja wa maandazi na chai. Ndiyo maana onyo lisiishie kwake. Zipo gari na pikipiki za wasambazaji zinazopita kila wiki zikijaza meza hizo, na wanajua vizuri pakiti zao zinauzwaje. Hao ndio wa kuitwa ofisini kwanza.

Kwingine duniani walilijaribu katazo la nje kabla yetu. Wilaya ya Chiyoda, katikati ya jiji la Tokyo, mwaka 2002 ilikataza kuvuta sigara katika barabara ilizozitaja. Haikutaja jela. Iliweka faini ya yeni 2,000, kiasi ambacho mtu wa kawaida anaweza kulipa hapohapo akaenda zake. Ilichora alama chini barabarani, ikatuma watumishi wa wilaya waliovaa sare wazunguke, na anayetozwa anapewa karatasi yake. Jiji la New York nalo mwaka 2011 lilikataza sigara katika bustani na fukwe zake kwa faini ya dola 50, na viongozi wake walisema wazi kwamba wanategemea zaidi watu kukumbushana kuliko polisi. Karibu na sisi, Uganda katika sheria yake ya 2015 iliamua kwamba usivute ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Nia ni njema, lakini katika mji mdogo kama Sotik, mita 50 kutoka mahali pa umma ni wapi? Utatoka duka, utaingia kanisa, utatoka kanisa, utaingia shule. Mtu asiyejua mpaka uko wapi hawezi kuuheshimu, na askari anayejua kwamba wewe hujui anaweza kukushika popote. Afadhali mahali pachache palipochorwa rangi, mvutaji aone na askari aone.

Tukifika kwenye sheria ya kaunti yenyewe, tuombe jambo moja: itungwe kwa utaratibu. Tumeona yaliyoipata shisha. Desemba 2017 waziri wa afya alitangaza marufuku ya shisha nchi nzima. Miaka ikapita, watu wakashikwa, na Januari 2024 hakimu wa Shanzu, Mombasa, akawaachilia watu 48 walioshtakiwa, akisema kanuni zile hazikuwahi kufikishwa Bungeni kama inavyotakiwa. Kesi hiyo ikadondoka kwa sababu ya hatua moja iliyorukwa. Wawakilishi wetu wa wadi wasilete hapa tangazo la haraka lililoandikwa usiku ili gazeti liandike asubuhi. Wananchi washirikishwe, wavutaji wakiwemo. Bodaboda waje, mama wa vibanda waje, wakurugenzi wa viwanda waje.

Sasa kuna jambo la ndani zaidi, na ndilo linaloniumiza kichwa. Katika jamii yetu, kijana akiwa na sigara akamwona mzee au mchungaji anakuja, huificha kiganjani au huitupa. Hakuna sheria ya Bunge iliyomfundisha hivyo. Makanisa kama Africa Gospel yamekemea tumbaku huku tangu enzi za wamisionari, na heshima kwa wakubwa ni ya kale kuliko makanisa yenyewe. Kwa hiyo katazo la hadharani kwetu si kitu kigeni. Tayari nusu yake inatekelezwa na aibu.

Lakini aibu hiyo inashuka tu, haipandi. Mzee akivuta chini ya veranda, ni nani atamwambia azime? Msichana wa miaka ishirini mwenye mtoto mgongoni hatamwambia baba yake mkubwa. Mlinzi wa hospitali mwenye umri wa mjukuu hatamwambia. Msichana atageuza uso na kumfunika mtoto kwa leso. Na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba tumbaku nchini inatumiwa zaidi na wanaume: asilimia 19.1 ya wanaume watu wazima, na asilimia 4.5 ya wanawake. Wanaovuta ni wachache, lakini mara nyingi ndio wenye sauti mahali pale, na wanaovutishwa moshi ni wengi ambao adabu imewafunga mdomo.

Ndiyo maana napendekeza neno litoke kwa wazee wenyewe. Lisemwe kwenye baraza la chifu na mzee ambaye wengine wanamsikiliza, ikiwezekana ambaye yeye mwenyewe huvuta au hunusa ugoro. Aseme: sisi tumekubaliana, mbele ya watoto na wagonjwa hatuwashi. Likishasemwa na yeye, msichana yule anapata njia. Haamuru tena, anakumbusha. Anaweza kusema, "Baba, pole, tulisema hapa kuna watoto," na mzee akazima bila kushushwa hadhi, kwa sababu anatimiza neno lake mwenyewe. Kibao ukutani kinasaidia kwa njia hiyohiyo. Mlinzi mdogo anaweza kunyoosha kidole kwenye kibao bila kuonekana anamkosea mkubwa. Kiandikwe kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, herufi kubwa, mahali pa kuonekana, na kiwe na namba ya simu ya anayehusika.

Wapo pia wahamasishaji wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023. Hao huingia nyumbani, na wanaweza kulipeleka neno hilo huko. Moshi wa stejini hauwahusu moja kwa moja, lakini mtoto anayevutishwa moshi sokoni mara nyingi anavutishwa pia jikoni na sebuleni. Atakayesema kuni za jikoni zina moshi mwingi kuliko sigara hajakosea, katika nyumba nyingi. Hilo nalo lishughulikiwe. Moshi mmoja hauhalalishi mwingine.

Na mvutaji? Nimesema kiwandani mvutaji ana pa kwenda. Mjini lazima naye apatiwe. Sheria inaruhusu maeneo maalumu ya kuvutia. Yawekwe mbali na milango na madirisha, upande ambao upepo hauelekei sokoni, na huku kwetu yawe na paa, kwa maana eneo lisilo na paa mjini Kericho halitatumika hata wiki moja. Mvua ikianza wote watarudi chini ya veranda. Mchumaji aliyeanza kazi alfajiri kwenye umande, au mlinzi aliyekesha kwenye baridi ya Kapkatet, ameshikwa na nikotini, na nikotini ni kifungo. Ukimfukuza kila mahali bila kumpa mlango, ama atajificha ama atahonga.

Wengi wa hao wanatamani kuacha. Wamejaribu kimyakimya, wakashindwa, wakaona aibu kusema. Zahanati zetu zinampima mtu presha, zinampima sukari, na mara nyingi hazimuulizi kama anavuta. Swali hilo moja liulizwe katika kila zahanati ya Kericho na Bomet, na anayejibu ndiyo apewe ushauri siku hiyohiyo, asiambiwe arudi. Bajeti ya kaunti itenge fedha za dawa za kusaidia kuacha, hata kama ni kidogo za kuanzia. Na kwa wewe uliye na pakiti mfukoni sasa hivi huku ukinisikiliza, NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina laini ya simu ambayo unaweza kupiga bila kulipa, ukazungumza na mshauri bila kujulikana na jirani yako. Namba ni 1192.